Mstari wa Nne

Bahasha ilikuwa nyembamba, na Anatoli alijua kabla ya kuifungua kwamba haikuwa idhini. Idhini ingekuja nene, na mhuri, na nakala za kutia sahihi. Aliisoma akiwa amesimama mbele ya masanduku ya barua chini ya ngazi, bado amevaa sare ya kuendeshea basi dogo la hoteli. Akaisoma mara ya pili, polepole, kana kwamba maneno yangejirekebisha. Alipopanda juu alimkuta mkewe, Honorata, amekaa kwenye ukingo wa kochi akivua viatu vyeupe vya kazini.

"Wameuliza," alisema.

"Wameuliza nini?"

"Kile nilichokwambia watauliza. Mstari wa nne."

Honorata aliipokea barua na kiatu kimoja mguuni. Ofisi ya nyumba ya kaunti iliwafahamisha waombaji kwamba maombi yao ya kununua nyumba namba kumi na saba, Larkin Court, Oxon Hill, yamesimamishwa. Mtu aliyeandikwa kwenye mstari wa nne kama mama mzazi wa mwombaji athibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa cha mwombaji. Wafike Jumatatu. Fomu ikionekana ina uongo, maombi yatafutwa na malipo ya awali hayatarudi.

Nyumba yenyewe zamani ilikuwa ya kaunti, moja kati ya nyumba arobaini za matofali walizopangishwa watu wa kipato kidogo. Kaunti ilimwuzia mpangaji wake, mama mtu mzima aitwaye Rosemary, kwa bei ya huruma na kwa sharti moja: siku akitaka kuiuza, mnunuzi lazima akubaliwe na ofisi kwa maandishi. Sasa Rosemary alitaka kumfuata mwanawe Carolina ya Kaskazini. Anatoli na Honorata walikuwa wamemlipa dola elfu nne za mwanzo na kungoja idhini siku hamsini na moja. Zilibaki tisa. Zikipita hizo, mkataba unakufa. Na fleti hii ya Laurel walikuwa wameshaitolea notisi. Ifikapo tarehe thelathini na moja Mei wawe wametoka, na tayari meneja alikuwa akileta watu wageni kuchungulia vyumba vyao wakiwa mezani wanakula.

"Cheti changu kimeandikwa Asteria," alisema Honorata.

"Najua."

"Asteria alikufa mimi nina wiki mbili."

"Najua, Honorata. Mimi siyo ofisi."

Wote wawili walitazama mlango wa jikoni. Mle ndani mtu wa mstari wa nne alikuwa akimenya ndizi, akiimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti ya puani. Jina lake Domina, dada mkubwa wa marehemu Asteria. Honorata hakuwahi kumwita kwa jina lingine ila Ma, tangu Bukoba, tangu alipojifunza kusema.

"Ni barua ya nyumba?" Domina aliuliza kutoka huko huko.

"Ndiyo, Ma."

"Wamekubali?"

"Bado. Wanataka karatasi moja tu."

"Watu hawa na karatasi, waitu, jamani. Siku wakifa watazikwa na karatasi."

Anatoli alishusha sauti. "Ungeandika aunt. Herufi nne. Tungekuwa tumeshahamia."

"Aunt ni shangazi. Hata kamusi ya shule ilisema hivyo. Shangazi ni dada wa baba. Huyu ni dada wa baba yangu?"

"Basi ungeacha wazi. Mtu viza yake imeisha tangu Januari, wewe unachukua jina lake unalipeleka serikalini kwa mwandiko mzuri."

"Fomu imesema waandikwe wote watakaolala humo. Ningemlaza wapi? Darini?"

Binti yao, Queen, mwenye miaka saba, aligeuka kutoka kwenye televisheni akawaambia kwa Kiingereza kwamba wanamzuia kusikia. Wakanyamaza. Jikoni wimbo nao ulikuwa umekoma.

*

Jumatatu walikaa kwenye benchi la ofisi kuanzia saa mbili unusu mpaka saa nne na robo. Walioitwa kabla yao walikuwa wamefika baada yao. Hatimaye msimamizi akatoka, mwanamume wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, sauti yake ya upole kama ya daktari mwenye habari mbaya. Hakuwaingiza ndani. Aliwasimamisha kaunta, mbele za watu, akaifungua fomu yao.

"Watu wanne," alisema, "na majina manne ya ukoo. Kaijage. Laurean. Anatoli. Kokushubira. Nisaidieni. Ni familia ngapi zinataka kuingia kwenye nyumba hii?"

"Moja," Anatoli alisema. "Kwetu mtu hutumia jina la baba yake. Mke wangu baba yake aliitwa Laurean."

"Na huyu Queen Anatoli?"

"Ni mwanangu."

"Lakini wewe ni Kaijage."

"Mimi ni Anatoli. Kaijage ni baba yangu."

"Kwa hiyo Anatoli ni jina la ukoo la mtoto, na siyo la ukoo wako."

"Anatoli ni mimi."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, mwingine akamfuata. Anatoli aliweka mikono yake miwili juu ya kaunta, mikono inayobeba masanduku ya watalii toka alfajiri mpaka jua kuzama, na kwa mara ya kwanza tangu aje nchi hii alitamani baba yake angekuwa na jina jingine. Aliona aibu kutamani hivyo. Aibu ikageuka hasira, na hasira haikuwa na pa kwenda.

"Na cheti?" msimamizi aliuliza.

Honorata alikitoa kwenye bahasha ya plastiki. Msimamizi alivaa miwani, akasoma, akaweka kidole kwenye jina la Asteria, akaweka kidole kingine kwenye jina la Domina. Vidole viwili, majina mawili. Alichukua karatasi zote akaingia chumba cha ndani.

Kwenye kaunta alibaki karani mmoja akipiga chapa. Kibao kifuani kiliandikwa Nyaguthii. Asubuhi nzima aliongea nao Kiingereza kitupu, hata Anatoli alipomwamkia "habari ya kazi" alijibu kwa Kiingereza wangoje zamu yao. Sasa, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta, alifungua mdomo kidogo tu.

"Sista, niskize, na usiniangalie. Huyo si mama yako wa kuzaa?"

Honorata alitazama sakafu. "Ni mama yangu mkubwa. Si kwenu pia mama mkubwa ni mama?"

"Hata kwetu ni hivyo. Lakini hii fomu haikuzaliwa kwetu. Hapa ni mama ama si mama."

"Na nikiandika aunt?"

"Ukiandika aunt anakuwa mpangaji wako. Na hizi nyumba watu walizijaza wapangaji mpaka kwa basement huko chini, ndiyo maana siku hizi hawataki kuskia. Wanakubali mzazi na watoto, basi. Halafu mwaka wa kwanza kuna jamaa wa kuzunguka. Anabisha hodi tu, hakuambii anakuja lini. Anahesabu vitanda."

"Sasa tufanye nini, dada?"

"Mimi sijui kitu. Hata hatujaongea." Vidole vyake havikuacha kupiga chapa. "Lakini akikuuliza kama ni makosa ya lugha, sema ndiyo. Usianze kumweleza mambo ya ukoo. Nimeona watu wakieleza hapa. Anayeeleza sana ndiye anafunguliwa file."

Mlango ulifunguka, na Nyaguthii akawa tena mtu asiyewajua.

Msimamizi alisema yeye hapendi kuwaharibia watu wanaofanya kazi. Je, yawezekana hili ni kosa la lugha?

"Ndiyo," alisema Honorata, na neno hilo lilimtoka jepesi kuliko alivyotegemea.

Vizuri. Basi atampa karatasi ya kiapo, na nakala ya kusoma nyumbani. Atie sahihi mbele yake, Ijumaa kabla ya saa sita mchana, kwamba Domina Kokushubira siyo mama yake na hataishi kwenye nyumba hiyo. Mstari wa nne utafutwa, na idhini itatoka siku hiyo hiyo. Ila na huyo mama mwenyewe afike, naye athibitishe kwa mdomo wake. Aje na kitambulisho.

"Pasipoti inatosha," aliongeza kwa upole, akidhani anawasaidia.

*

Siku nne zile hakuna aliyelala vizuri. Simu ikilia, Honorata aliacha mashine ya ujumbe ipokee kwanza, asikie ni nani. Gari jeupe lilipoegesha chini ya dirisha Jumanne mchana, Anatoli alisimama nyuma ya pazia mpaka lilipoondoka. Kumbe lilikuwa la fundi wa mabomba. Mambo ya nyumba waliacha kuyasema ndani. Walikuwa wakishuka kana kwamba wanakwenda dukani, wakakaa ndani ya gari lao bovu kwenye maegesho, vioo vimefungwa.

"Ni kalamu tu," Anatoli alisema Jumatano. "Wino. Ukitia sahihi atakuwa ameacha kukulea?"

"Na hilo la kwamba hataishi?"

"Tutaona. Ataishi. Mtu wa kaunti akibisha hodi, tutasema ni mgeni amekuja juzi."

"Kila siku amekuja juzi, mwaka mzima."

"Unataka nini basi? Tarehe moja ya Juni tulale kwenye gari hili? Yeye alale kiti cha nyuma, na Queen wapi? Nipe jibu, usinipe machozi."

"Wewe andika kwamba mama yako siyo mama yako. Andika, nione."

"Mama yangu alinizaa."

Alijisikia akisema. Ilikuwa sauti yake, lakini maneno yalikuwa ya kaunta. Honorata alifungua mlango wa gari akashuka bila kuufunga, na Anatoli akabaki ameshika usukani wa gari lililozimwa.

Jioni hiyo Rosemary alipiga simu. Honorata alipoitambua sauti kwenye mashine aliinua simu.

"Mwanangu," Rosemary alisema, kwa kile Kiingereza chake cha kuvuta maneno, "mimi sikusukumi. Lakini yupo bwana amekuja mara mbili, ana pesa taslimu, na ofisi imeshampitisha. Mimi nakutaka wewe. Nimemwonyesha mama yako jua linapoingia jikoni asubuhi, alinifurahisha sana mama yako. Lakini tarehe ni tarehe. Mwanangu wa Carolina ameshakodi lori."

"Tutamaliza Ijumaa," Honorata alisema.

"Mama hajambo?"

"Hajambo," alijibu, na akakata simu haraka, maana neno lile alilotakiwa kulikana keshokutwa lilikuwa limemjaa kinywani.

Alhamisi walikula ndizi na maharage. Domina alimpakulia Anatoli kwanza, kama siku zote, halafu Queen, halafu Honorata. Yeye akajiwekea kidogo.

"Kesho nivae gauni gani?" aliuliza. "Lile la kanisani au hili la bluu?"

Kijiko cha Anatoli kilibaki hewani.

"La kwenda wapi, Ma?"

"Kwenye hiyo ofisi. Si ndiyo mnanipeleka kunikana?"

"Nani amekuambia?"

Queen aliinamia sahani yake. Yeye barua na nakala ya kiapo alikuwa ameziona juu ya friji, akazisoma, na kwa Kiingereza chake na vidole vyake alikuwa amemweleza bibi yake kila kitu tangu Jumanne.

"Msimtazame mtoto," Domina alisema. "Kama siyo yeye, ningejua kwa nyie. Tangu lini mnazungumzia garini? Watu wanaotafuta nyumba, mazungumzo yao yanahamia kwenye gari."

Honorata alianza kulia bila sauti. Domina alimsogezea kikombe cha maji, akasubiri anywe.

"Nitashika Biblia?"

"Hapana, Ma," alisema Anatoli. "Utaulizwa tu."

"Basi. Kama hakuna Biblia ni mazungumzo tu." Akala tonge moja, akatafuna sana. "Nimelea mtu mpaka akanileta Marekani, leo nishindwe kusema neno moja? Kuleni. Ndizi zikipoa zinakuwa sabuni."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Queen, kidogo.

*

Alivaa gauni la kanisani, na juu yake koti zito, ingawa kulikuwa na joto. Njia nzima, kutoka Laurel mpaka kwenye ofisi ile, alitazama barabara. Honorata alikaa naye nyuma. Kila gari la polisi lilipowapita, mkono wa Honorata ulikaza wa Domina, na Domina aliupapasa mpaka ulegee.

Mara hii waliingizwa chumba cha ndani. Meza, viti vitatu, bendera ndogo, kikombe cha kahawa. Anatoli alisimama ukutani. Msimamizi aliomba pasipoti, na Domina akaitoa kwenye mkoba, imefungwa kwenye leso. Msimamizi alifungua ukurasa wa picha. Akatazama picha, akamtazama Domina. Kisha kidole chake kikaanza kufunua ukurasa unaofuata.

Honorata alihesabu. Viza iko ukurasa wa saba. Kidole kikafunua wa tatu, kikafunua wa nne.

"Nikatoe nakala ya hiyo?" Nyaguthii aliuliza kutoka mlangoni, mkono umeshanyooshwa. "Ni ukurasa wa picha tu unaohitajika."

Msimamizi alimpa bila kumtazama. Nyaguthii alitoka, mashine ikasikika ikinguruma mara moja, akarudi na karatasi moja na pasipoti iliyofungwa. Akaiweka mbele ya Domina, siyo mbele ya bosi wake.

"Unajua lugha yao, siyo?" msimamizi alimwambia. "Kaa hapa. Muulize kama ndiye aliyemzaa huyu mama."

Nyaguthii alisimama kando ya kiti cha Domina. Swali lilikuwa fupi, na alilisikia vizuri. Lakini aliliangalia lile koti zito, ile mikono iliyoshika leso, akaligeuza swali likawa jingine.

"Mama," alisema taratibu, "anauliza kama huyu ni mtoto wako."

Ilikuwa zawadi, na kila mwenye Kiswahili mle chumbani aliiona. Angeweza kusema ndiyo. Angesema ndiyo, na Nyaguthii angetafsiri apendavyo, na Mungu angesikia ndiyo. Honorata alimgeukia, macho yamemtoka.

Domina hakumtazama Honorata. Hakumtazama Nyaguthii. Alimtazama yule mwanamume mwenye miwani, akanyoosha mgongo.

"No," alisema.

Kisha akamwambia Nyaguthii kwa Kiswahili: "Mwambie sikumzaa. Asije akadhani nimekosea Kiingereza."

"Anaongeza nini?" msimamizi aliuliza.

"Anasema ana hakika," Nyaguthii alijibu, na sauti yake haikuwa sawa.

Karatasi ilisogezwa mbele ya Honorata. Alipewa kalamu ya ofisi, iliyofungwa kwa mnyororo mdogo mezani. Akainama. Kwa muda mrefu kalamu haikugusa karatasi, mpaka msimamizi akatazama saa yake, na Anatoli ukutani akafumba macho. Ndipo Domina akaweka kiganja chake mgongoni kwa Honorata, chini kidogo ya shingo, kama mtu anavyomcheulisha mtoto mchanga, na akakiacha hapo. Honorata akatia sahihi.

Msimamizi alichukua rula. Akapiga mstari mwekundu juu ya mstari wa nne, kwa uangalifu, asichafue wa tatu. Akagonga mhuri mara tatu. Siku hamsini na saba walikuwa wamengoja, na jambo lenyewe lilichukua dakika nne.

"Hongereni," alisema. "Mtaipenda Larkin Court. Ni mtaa wa familia."

Akampa mkono Anatoli, akampa mkono Honorata. Kwa Domina alitikisa kichwa tu, kwa heshima, kama mtu anavyomtikisia kichwa abiria mwenzake kwenye lifti.

*

Kwenye gari Anatoli alikaa na bahasha juu ya magoti. Ilikuwa nene. Aliitoa idhini, akaisoma mpaka mwisho, midomo inacheza: nyumba namba kumi na saba, wakazi watatu, majina yao, na kwamba mkaguzi anaweza kufika wakati wowote ndani ya miezi kumi na miwili.

"Ni yetu," alisema. Alitaka kuisema kwa furaha, na hakuna aliyeweza kumlaumu kwa jinsi ilivyotoka.

Honorata alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo. Domina alivua koti lake, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani. Alitazama nje, watu wakitoka na kuingia kwenye ofisi ile, kila mmoja na bahasha yake, na alionekana akifikiri jambo, akiligeuza, akilitafutia njia.

"Anatoli, mwanangu," alisema.

"Naam, Ma."

"Siku ya kuhama. Mimi nitaingilia mlango upi?"

Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, apange mizigo yake. Anatoli aliingiza ufunguo, akawasha gari. Injini ilinguruma chini yao, dakika ya kwanza, dakika ya pili, na gari halikuondoka.